Dakika Moja na Sekunde Arobaini

Watu wa Mikindani, Mombasa, waliomjua Mbeyu hawakumwambia "karibu kilo moja". Angewauliza ni kilo au si kilo. Alikuwa na diploma ya upimaji ardhi, miaka kumi na tisa ya kusimika vigingi kwenye viwanja vya watu wanaogombana, na watoto watatu, Kai na wadogo zake, ambao hawakuthubutu kusema wamefika nyumbani saa kumi na mbili ikiwa wamefika saa kumi na mbili na dakika saba. Mumewe, Chengo, alipenda kuwaambia wageni kwamba siku ya posa alipimwa urefu kwanza ndipo akakaribishwa kiti. Kwa hiyo Klabu ya Hori ilipotaka mtu wa kushika saa kwenye mbio za boti, haikutafuta mbali.

Klabu yenyewe haikuwa na makuu. Ilikuwa banda la mabati kando ya hori, ule mkono wa bahari unaoingia kati ya mikoko, gati la mbao, na ubao mmoja mpana wa mvule ukutani wenye majina ya kale kwa rangi ya dhahabu. Jina la juu katika daraja la mashine ya nguvu za farasi arobaini lilikuwa la Mzungu mmoja, R. Pelling, maili sitini na moja kwa saa, mwaka wa 1969. Miaka hamsini na kitu watu walikuja, wakavurumisha boti zao, wakatazama ule ubao, wakaenda kunywa soda. Mbeyu aliigeuza ile hesabu kuwa kilomita siku ya kwanza tu alipoingia: tisini na nane na nukta mbili. Akaikariri.

Kaka yake Tinga alikuwa mtu wa namna nyingine. Alikuwa seremala mtaa wa Ziwa la Ng'ombe, Likoni, mwenye uwanja mdogo uliojaa vumbi la mbao. Aliacha shule kidato cha pili mwaka baba yao alipofariki, kwa kuwa nyumbani pangeweza kusoma mmoja tu, na yeye mwenyewe ndiye aliyesema awe Mbeyu, hesabu zake zilikuwa nzuri zaidi. Hakuirudia habari hiyo tena. Aliyeirudia ni Mbeyu, moyoni, kila alipotia saini mahali palipoandikwa "mtaalamu".

Mchana Tinga aliunda vitanda. Alasiri, kazi za watu zikiisha, aliunda boti. Ilikuwa ya plaiwudi, fupi, pana kwa mbele kama uso wa papa nyundo. Ikishika kasi hugusa maji mahali patatu tu, vidole viwili vya mbele na propela ya nyuma. Kilichobaki ni hewa. Juu ya meza yake ya randa alikuwa amepigilia picha ya gazeti ya boti ya mbao iliyoundwa na Mwaustralia mmoja nyumbani kwake, ikafungwa injini ya ndege iliyokwisha kutolewa jeshini, na mwaka wa 1978 ikaenda kilomita mia tano na kumi na moja kwa saa kwenye bwawa. Mpaka leo hakuna aliyeivunja rekodi ile. Kuna waliokufa wakijaribu.

"Uani kwake," Tinga alimwambia kila aliyeingia. "Si kiwandani. Uani, nguo zimeanikwa pembeni."

"Yeye alikuwa na injini ya ndege," mkewe Velma akajibu kutoka kwenye magunia yake ya makaa. "Wewe una mashine ya kuazima ya Ngumbao, na mwenyewe anaitaka Jumatatu abebe abiria wake wa Mtongwe."

"Nguvu arobaini zatosha."

"Zatosha kukutoa meno."

Lakini safari hii haikuwa mchezo, na Velma alijua. Chuo kimoja cha ufundi upande wa Likoni kilikuwa kinafungua kozi ya uundaji boti. Mkuu wa chuo, mwalimu Margret, alikuja mwenyewe Ziwa la Ng'ombe, akapitisha kidole kwenye maungio ya ile boti. Kisha akasema, "Mikono hii naitaka. Karatasi huna." Masharti ya kazi ya kufundisha yalikuwa mawili na moja lilitosha: stashahada, au ufanisi unaotambuliwa kitaifa. "Niletee cheti cha rekodi kabla ya mwezi kwisha," alisema. "Mengine niachie mimi."

Tinga alikuwa na miaka hamsini na mbili. Mgongo wake ulikuwa umeanza kumwambia habari za vitanda.

Mbeyu aliieleza kamati mapema kwamba huyu ni kaka yake wa tumbo moja, wamtafute mwingine wa kushika saa. Hakukuwa na mwingine mwenye cheti cha shirikisho la mbio za boti. Wakaandika kwenye kumbukumbu kwamba wanajua na wanakubali, na Lewa, kijana wa bandarini aliyekuwa mwanachama, akateuliwa kusimama mwisho wa pili na saa yake awe shahidi. Mbeyu akaipima njia upya mwenyewe, kilomita moja kamili, boriti nne za mikoko zikachomekwa matopeni maji yakiwa yamekupwa, mbili kila mwisho, na mstari kati ya kila mbili ndio wanaouita kamba. Alirudi nyumbani na matope mpaka mapajani, Chengo akamuuliza kama amekwenda kupima kamba wa baharini.

"Mbio mbili," alimwambia Tinga siku ile ile. "Moja ya kwenda, moja ya kurudi, zote ndani ya saa moja. Saa inaanza ukikata kamba ya mbio ya kwanza, inakoma ukimaliza ya pili. Nachukua wastani."

"Kwa nini saa moja? Kwa nini isiwe mbili?"

"Kwa sababu maji hayakai. Ukienda na maji yanayotoka, yanakubeba. Ukiruhusiwa kungoja, yatageuka, utarudi nayo vilevile, yakubebe tena. Hiyo itakuwa rekodi ya bahari, si yako."

Tinga alicheka. "Aliyeitunga hiyo alikuwa mpwani."

"Aliyeitunga alikuwa mtu mwenye akili. Na usinigeuzie boti kabla mawimbi yako hayajalala. Yule Mwingereza wa mwaka wa sitini na saba alimaliza mbio ya kwanza salama, akageuza hapo hapo. Boti ikanyanyua pua, ikapinduka naye."

"Nampenda yule Mwaustralia. Mwingereza wako sina shida naye." Akachukua penseli sikioni. "Dakika kumi na tano. Nimelitazama hili hori wiki tatu. Boti ikipita, mawimbi yanakwenda kwenye mikoko, yanarudi, yanakwenda tena. Dakika ya kumi na tano limekuwa kioo."

Siku aliichagua Tinga mwenyewe kwenye kitabu cha maji: Jumamosi ya maji mafu, saa nne na robo asubuhi yamejaa na kusimama, hayaendi wala hayarudi. Siku kama ile mtu hawezi kusema umebebwa. Phineas, katibu wa klabu, aliiandika siku hiyo kwenye daftari lake, akaitazama, akaona ni nzuri kwa jambo jingine pia. Akamwalika mgeni wa heshima.

Phineas alikuwa mtu wa bara aliyekuja Changamwe na kazi ya kutoa mizigo bandarini akaota mizizi. Hakuwa mbaya. Alilipenda lile banda kuliko waliozaliwa kando yake, na alitaka lipate paa jipya, na paa jipya hutoka kwa wageni wa heshima.

Saa nne na dakika mbili kamili, Tinga alikata kamba ya kwanza.

Mbeyu alikuwa ameona mbio nyingi. Hakuwahi kuona kama ile. Boti haikupiga kelele zaidi ya nyingine. Ilipiga kelele nyembamba zaidi. Haikupasua maji, iliyagusagusa kama mtu anayepiga pasi. Kaka yake alikuwa amepiga magoti ndani yake, kofia nyekundu ya pikipiki kichwani, kifua kimelala karibu na usukani, na Mbeyu akajikuta amebana pumzi, jambo ambalo mshika saa hatakiwi kufanya. Redio ya mkononi ikakoroma.

"Shikamoo mama," alisema Lewa, maana hata kwenye redio alisalimia. "Thelathini na nne nukta tisa."

"Marahaba. Nami nina thelathini na nne nukta tisa."

Kilomita mia moja na tatu kwa saa. Watu wa gatini hawakujua hesabu lakini walijua walichokiona, wakapiga makofi. Velma alikaa chini kwenye mbao, akafunga leso upya, akafungua, akafunga.

Sasa ilikuwa kungoja. Mawimbi yakaenda kwenye mikoko, yakarudi. Dakika ya nane yalikuwa madogo. Dakika ya kumi Tinga, kule mwisho wa pili, akainua mkono mmoja: bado kidogo. Dakika ya kumi na mbili mgeni wa heshima akaingia.

Alikuja kwa maji. Boti tatu kubwa, bendera, muziki, mashine mbili mbili. Zilitakiwa kupitia upande wa gati, Phineas aliwaelekeza hivyo kwa simu. Lakini watu walikuwa wamejipanga ufukweni urefu wote wa njia ya mbio, na mtu mwenye watu wake hawezi kuwapita bila kuwapungia. Boti tatu zikakata katikati ya boriti za Mbeyu, zikaenda mpaka mwisho, zikageuza, zikarudi polepole. Hori likachafuka kama sufuria ya ugali.

Akateremka. Akasalimiana. Akapewa kipaza sauti.

Sheria ilisema hakuna boti kuachiliwa wakati boti nyingine iko njiani, na moja katika zile tatu ilikuwa imetia nanga hatua chache kutoka boriti ya tatu, nahodha wake amekaa anakula korosho. Mbeyu alikwenda kwa Phineas.

"Mwambie aondoe boti ile. Nina dakika ishirini na mbili."

"Mama Kai, anaongea."

"Namsikia anaongea. Boti haisikilizi hotuba. Iondoke."

"Nahodha wake haondoki bila ruhusa yake, na yeye hakatizwi. Dakika tano tu."

"Umeniambia tano mara mbili."

"Basi hizi ndizo zile zile," Phineas alisema, akatabasamu kwa upande wa mgeni.

Mgeni aliongea juu ya vijana, uchumi wa bahari, barabara ya Jomvu. Aliongea juu ya mshindani wake wa uchaguzi kwa dakika tisa. Mbeyu alisimama na bendera yake mkononi, akaitazama saa, akamtazama yule mwenye kipaza sauti, akaitazama saa. Kutoka aliposimama mpaka jukwaani zilikuwa hatua thelathini. Akili yake ya upimaji ilimwambia hivyo bila kuulizwa. Hakwenda.

Hotuba ilipokwisha, mgeni akataka picha ndani ya ile boti ya mbio. Ikabidi Tinga avutwe mpaka gatini, apigwe picha, avutwe tena mpaka mwisho. Aliyemvuta, kwa boti ya klabu, alikuwa Ngumbao, mwenye mashine, aliyekuwa akingoja naye kule mwisho. Akapita mbele ya Mbeyu akasema kwa sauti ya chini, "Dada, saa hiyo yako inakwenda?" Mbeyu akasema inakwenda. Ngumbao akasonya, akaongeza moto.

Tinga alikata kamba ya mbio ya pili saa tano, dakika tatu, sekunde nne. Maji yalikuwa yameanza kutoka, kidogo tu, na alikuwa anayapanda. Alitoa kila kilichokuwamo. Mita mia mbili baada ya kamba ya mwisho mashine ilikaza pistoni, ikatoa mlio mmoja kama mlango wa chuma, ikafa. Sekunde thelathini na sita na nukta mbili. Wastani wa mbio zote mbili: mia moja na moja na nukta tatu. Alikuwa amempita yule Mzungu wa ubaoni kwa kilomita tatu.

Na ilikuwa saa tano, dakika tatu, sekunde arobaini. Saa moja, dakika moja na sekunde arobaini tangu kamba ya kwanza.

Chumba cha klabu kilikuwa na meza moja. Mbeyu alikaa, akaweka fomu mbele yake, akajaza jina, daraja, urefu wa njia. Phineas akafunga mlango. Nje muziki ulikuwa umeanza.

"Hapo kwa jumla ya muda," Phineas alisema, "andika dakika hamsini na tisa."

"Si hamsini na tisa."

"Mama Kai. Nani anaumia?"

"Lewa ana saa yake."

"Lewa ameshasema saa yake inasema chochote utakachosema wewe."

Lewa, aliyekuwa amesimama karibu na dirisha, akatazama viatu vyake. "Nimesema hivyo kwa heshima tu, mama," alisema.

Mlango ukafunguliwa, Tinga akaingia, maji yakimdondoka, kofia mkononi. Aliwatazama wote watatu, akaelewa, maana hakuwa mjinga hata siku moja.

"Ngapi?"

"Umepita saa kwa dakika moja na sekunde arobaini."

"Kasi nauliza."

"Mia moja na moja nukta tatu."

Akatikisa kichwa taratibu kama anayesikia bei. "Basi boti imefanya kazi yake," alisema. Kisha akasema jambo ambalo Mbeyu hakulitarajia kutoka kwake. "Andika, Mbeyu. Nakuomba. Sijakuomba kitu tangu tuzaliwe."

Ilikuwa kweli. Mbeyu aliipekua miaka yote hamsini kwa haraka kama anavyopekua ramani, hakuona ombi.

"Kaka, fomu hii inakwenda shirikisho, Nairobi. Wataiona ni dada mtu. Watauliza saa ya mgeni kufika, kuna picha za simu mia mbili hapo nje, kila moja na saa yake. Watakunyang'anya, na mimi watanifuta, na hiyo boti haitaaminika tena. Utarudia mwezi huu huu. Maji mafu yanarudi baada ya wiki mbili. Kwa kasi ile utaipata hata ukilala."

"Mashine imekufa."

"Tutapata nyingine."

"Kwa nani?"

Mbeyu akainamia fomu. Aliandika: saa moja, dakika moja, sekunde arobaini. Kwenye nafasi ya uamuzi akaandika: haikubaliki. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kama kawaida. Tinga alimngoja mpaka akamaliza kutia saini, ndipo akatoka, na hakuufunga mlango.

Mashine nyingine haikupatikana. Ngumbao alisema yake, hata ikitengenezwa, hataiona tena mtu yeyote, hata ndugu. Wenye mashine wengine wa Likoni na Mtongwe walikuwa wamesikia ule mlio, au wamesimuliwa, na hakuna anayemwazima mashine ya kulisha watoto mtu anayeendesha namna ile. Maji mafu yalirudi, yakaenda. Mwezi ukaisha. Mwalimu Margret alipiga simu mara mbili, mara ya tatu akatuma ujumbe kwamba ameajiri kijana mwenye stashahada. Kijana huyo hakuwahi kuunda boti. Alikuja Ziwa la Ng'ombe kumwomba Tinga amwonyeshe namna ya kupinda plaiwudi bila kuivunja. Tinga akamwonyesha.

Kwa Mbeyu hakufanya ugomvi. Hiyo ndiyo iliyokuwa mbaya. Alikuja kwenye matanga ya shangazi yao, akamsalimia, akamuuliza habari za Kai na wadogo zake. Lakini zile Jumapili za kuja Mikindani kula wali wa nazi baada ya kanisa zilikwisha. Velma alipoulizwa alisema, "Kazi zimemzidi, wifi," na wote wawili walijua vitanda havijaongezeka.

Mbeyu hakujuta. Aliwaambia hivyo waliomuuliza na ambao hawakumuuliza. Alimwambia Chengo mezani: sheria haina kaka. Chengo akasema, "Naam, ndiyo maana haialikwi kula," akajisogezea mchuzi.

Mwaka uliofuata klabu ilikuwa inatimiza miaka sitini, na Phineas akataka maonyesho: picha za zamani, kofia, karatasi. Paa jipya lilikuwa limekuja, rangi ya buluu. Akamwomba Mbeyu apange makabrasha, kwa kuwa ndiye aliyejua tarehe huandikwaje. Mbeyu alikwenda Jumamosi moja asubuhi, akafunga kitambaa puani kwa sababu ya vumbi, akaanza na boksi la chini kabisa.

Fomu ya Pelling ilikuwa kwenye jalada la kijani. Alifurahi kuiona, kwa kweli. Aliifungua kama mtu anayefungua barua ya mtu aliyemsikia miaka mingi. Tarehe 19 Januari 1969, Jumapili. Mbio ya kwanza: maili moja, sekunde hamsini na tisa, saa kumi na moja na dakika arobaini jioni. Mbio ya pili ilikuwa na mstari tu. Chini ya ule mstari mtu ameandika kwa Kizungu, kwa wino mwembamba, kwamba maji hayafai na mbio ya pili imeachwa. Chini yake saini nne.

Mbeyu aliisoma tena. Akageuza nyuma, hakuna kitu. Akatoa simu, akatafuta mwezi ulivyokuwa siku ile. Ulikuwa umeandama siku moja tu nyuma. Maana yake bamvua, maji makuu. Maana yake maji yalijaa alasiri mpaka juu ya mikoko, na saa kumi na moja na dakika arobaini yalikuwa yanatoka kwa nguvu zote, yakielekea baharini, na mbio ile, kwa jinsi njia ilivyoandikwa, ilielekea huko huko. Kilomita nne kwa saa za bure, labda tano. Na hakurudi. Hakurudi hata baada ya saa moja na dakika moja. Hakurudi kabisa.

Akalichukua jalada mpaka kwa Phineas, aliyekuwa nje akisimamia mafundi wa jukwaa.

"Soma."

Phineas alisoma mistari miwili akamrudishia. "Eeh. Hiyo."

"Hiyo nini? Ulikuwa unajua?"

"Katibu aliyenitangulia aliniambia. Naye aliambiwa na aliyemtangulia. Mama Kai, hawa walikuwa marafiki watano na kreti ya bia. Ulidhani walikuwa na wapimaji?"

"Wewe ulikuwa chumbani siku ile. Uliniona naandika. Hukuniambia."

"Nilikuambia andika hamsini na tisa," Phineas alisema, na safari hii hakutabasamu. "Nikuambie vipi tena? Nipande juu ya meza?"

"Ungesema rekodi yenyewe si halali. Nisingemlinganisha na kitu ambacho hakipo."

"Na wewe ungefanya nini? Ungeufuta ubao siku ile ile, mgeni ameshika sahani. Nakujua."

"Nitaufuta sasa. Naandika pingamizi."

Phineas alikuna shingo. Alionekana kama mtu anayeona haya kwa ajili ya mwingine. "Matokeo yanapingwa ndani ya siku thelathini. Kifungu cha kumi na nne. Ulikuja nacho wewe mwenyewe mwaka juzi, yule mshindani Kimani alipolalamika. Ulikisoma kwa sauti, kamati nzima tumekaa."

Mbeyu alikikumbuka. Alikikumbuka hata ukurasa.

Aliandika pingamizi hata hivyo, kurasa mbili, na kamati ikamjibu kwa mstari mmoja na nusu: muda umepita. Alipolipata jibu alitoa nakala ya fomu ya Pelling, akaikunja mara moja, akapanda tuktuk ya kwenda Ziwa la Ng'ombe.

Boti ilikuwa imefunikwa juu ya matofali manne, tumbo juu. Velma alikuwa akihifadhi makaa chini yake, mvua isiyaguse. Tinga alikuwa na miguu ya kitanda kwenye meza ya randa, na ile picha ya gazeti ilikuwa bado pale pale, haikuondolewa wala haikupanguswa. Alipangusa kiti kwa mkono akamsogezea dada yake. Mbeyu hakukaa. Akampa karatasi.

Aliisoma polepole, kwa kuwa Kizungu chake kilikuwa cha kidato cha pili, na kwa kuwa hakutaka kumuuliza. Mbeyu alimwona anafika kwenye ule mstari, anaurudia.

"Alikwenda tu," Tinga alisema.

"Alikwenda tu."

"Na bamvua."

"Na bamvua inatoka. Nimepiga hesabu. Bila maji asingefika tisini na tano. Kaka, hakuna aliyewahi kufanya mbio mbili pale. Nimepekua maboksi yote. Mwaka wa sabini na tatu, themanini na moja, hakuna. Ni wewe tu."

"Kwa hiyo ile sheria."

"Ipo. Ipo kitabuni tangu mwanzo."

"Ipo kitabuni," Tinga alikubali. Akaikunja karatasi pale pale ilipokuwa imekunjwa, akamrudishia. "Basi Mombasa nzima, miaka sitini, wewe ndiye mtu wa kwanza kuifuata. Na ukaanzia kwangu."

Kwenye magunia Velma aliacha kupima makaa.

"Sikujua," Mbeyu alisema.

"Najua hukujua. Ungejua ungeandika vilevile." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayesoma kipimo. "Nikwambie kinachonikera? Si fomu. Fomu nilikwishaisamehe. Yule bwana alisimama pale na kipaza sauti nusu saa nzima, nami niko kule mwisho nakutazama. Nilikuwa namwambia Ngumbao, tulia, yule ni Mbeyu, sasa hivi atakwenda kumpokonya. Aliwafukuza machifu kwenye viwanja, atashindwa na huyu? Nikangoja. Ulikuwa na dakika ishirini za kuwa mkali, dada yangu. Ukali wako ukaja mimi nimeshamaliza."

Mbeyu alifungua kinywa. Kulikuwa na jibu: boti iliyotia nanga, kifungu, idhini ya nahodha. Yote yalikuwa sahihi. Aliyapanga akaona yanavyosimama mstari mmoja, kama vigingi, na hakuna hata kimoja kilichofika mahali alipokuwa amesimama kaka yake.

"Hatua thelathini," alisema mwishowe.

"Nini?"

"Kutoka nilipokuwa mpaka jukwaani. Zilikuwa hatua thelathini."

Tinga aligeukia meza ya randa. Kisha akachukua utepe wa kupimia, akaishika ncha juu ya ubao wa kitanda, akampa dada yake upande wa pili.

"Shika hapo mwisho. Nisomee."

Alishika. Akainama, akasogeza jicho karibu. "Sentimita mia moja tisini na moja, na milimita tatu."

Tinga aliandika kwenye ubao kwa penseli, hakuja kuhakiki. Akauachia utepe, ukarudi wenyewe kwa kishindo, akaanza kukata.